Bomba Nene, Maji ya Uzi

Nina bomba nene kama mguu wa ndovu, linatoa maji membamba kama uzi. Nitegulie. Umeshindwa? Basi nipe mji. Nimechukua Machakos, nimekula nimeshiba. Jibu ni bomba letu la Shauri Moyo, mwaka ule nilipofika, kabla sijaolewa. Tulipanga ndoo foleni, kila ndoo na jiwe lake la kuishikia nafasi, tukaimba, tukasengenyana mpaka jua likachoma. Sijawahi kucheka tena namna ile. Muthama, fundi wa mabomba wa kaunsili, alikuwa hakosi pale. Nikamuuliza, mbona bomba nene hivi na maji ni uzi? Akacheka tu. Akanioa, tumezaa watoto watano, na jibu sijapata.

Juzi mjukuu wetu Kavinya alikuja na kompyuta yake, uso umekunjamana. Ndiye aliyetengeneza mfumo ambao wagonjwa wa zahanati za Tassia huchukulia namba kwa simu. Kila saa moja asubuhi, wakiingia wote pamoja, unakwama.

“Susu, bibi yangu, kesho ukikwama tena zahanati zinarudia kadi za karatasi. Kina mama watapanga foleni alfajiri na watoto wagonjwa mgongoni.”

“Mashine ni dhaifu?”

“Wapi. Ni kubwa sana. Iko tu, imelala, kazi haiifikii.”

“Basi kuna mahali pamefungwa. Tafuta.”

Akaandika maneno mawili matatu, akasoma. Kumbe mashine imeagizwa kuwa programu moja isifungue milango zaidi ya elfu moja na ishirini na nne kwa mpigo. Wengine wote wabaki nje.

“Nani aliagiza hivyo?”

“Ilikuja hivyo kutoka kwa waliotengeneza. Sikuwahi kuangalia.”

Akakipandisha kile kikomo. Asubuhi tukakaa mezani, sisi watatu, tukingoja saa moja. Ikafika. Kavinya hakupepesa macho.

“Elfu tatu, Susu. Wote wamepata namba.”

Muthama alikuwa akichovya mkate kwenye chai.

“Mama Mulwa,” akaniambia, “lile bomba letu lilikuwa na valvu chini ya kifuniko. Wajenzi waliiacha imefungwa nusu. Niliiona wiki ya kwanza.”

“Na hukuifungua? Mtaa mzima ukaungua jua?”

“Niifungue ujaze ndoo uende zako? Ningekuona saa ngapi?”