Wimbo wa Kupigia Pasi

Tangu alipopooza upande wa kulia, fundi cherehani hakuwa ametamka hata neno moja. Mkewe alishaanza kuogopa kwamba hatamsikia tena maishani, ila hofu hiyo hakuthubutu kumwambia mtu.

Siku hiyo walikuwa kwenye chumba cha mazoezi hospitalini, pamoja na mama waliyemwita Mwalimu. Aliimba soprano, ile sauti ya juu ya kike, kwenye kumbi kubwa miaka mingi, akafundisha wengine, na sasa alikuwa akija kuwaimbisha wagonjwa waliopotewa na maneno.

"Neno likikwama kooni, wakati mwingine hupita kwenye wimbo," alisema.

Alianza na wimbo wake mwenyewe. Sauti ikapanda taratibu, bila kipaza sauti, mpaka vioo vya dirisha vikaitikia. Muuguzi aliyekuwa akipita na toroli la dawa akasimama mlangoni, akasahau alikokuwa anakwenda. Mke wa fundi alihisi mwili ukimsisimka. Hakujua kama kifua cha binadamu kinaweza kubeba kitu kikubwa namna ile. Fundi alitokwa na machozi, lakini mdomo haukufunguka.

"Nyumbani alikuwa anaimba nini, dada?"

"Aa, aibu tupu, Mwalimu! Akipiga pasi ndio anaimba: 'Mke wangu njoo uone, suruali imenyooka.' Katunga mwenyewe. Majirani walikuwa wanafunga madirisha."

"Hebu niimbie."

"Mimi? Si utatufukuza!"

Lakini akaimba, kwa sauti ndogo, akiangalia viatu vyake.

Mwalimu akaupokea wimbo, ukawa mtamu. Ile "suruali" ikapaa. Fundi akakunja uso. Mwalimu akarudia, akaulainisha zaidi. Fundi akaguna, akapiga mkono wa kiti.

"Samahani, Mwalimu," mke akanong'ona. "Unaimba vizuri mno. Hapo kwenye suruali sauti yake inaanguka. Puu! Kama mtu aliyekosea ngazi."

Mwalimu akacheka mpaka akashika mbavu. "Kosa hilohilo ndilo ninalowagombezea wanafunzi wangu!"

Akajaribu kukosea kama fundi. Haikuwa rahisi, sauti iliyozoezwa iligoma, ikawa inarudi yenyewe mahali pake. Mwishowe akaiachia ianguke. Kisha akaanza upya, "Mke wangu njoo uone...", akanyamaza, akamtazama fundi huku kinywa kiko wazi.

"...su... suruali," fundi akaimba, akaanguka palepale, "imenyooka."

Mwalimu hakushangilia. Alirudia tena, sasa kwa sauti ndogo kuliko ya mgonjwa, akimfuata nyuma, akipinda alipopinda. Sauti iliyotikisa vioo ilikuwa imejikunja mpaka ikaingia chini ya pumzi ya mtu mmoja, ikamshikilia asianguke. Mke aliona hilo ndilo kubwa kuliko yote.

"Mke wangu," fundi akaimba, pumzi ikamkatika. Akageuka, akamtazama mkewe, akangoja.

"Abee," mkewe akaitika.