Mgonjwa wa Kwanza wa Taifa

Sikuwahi kuteuliwa na serikali kwa jambo lolote, mpaka walipohitaji mtu wa kuugua. Wizara ya Afya ilikuwa inajaribu mkakati wake mpya wa taifa wa kuzuia mlipuko wa mafua makali, kurasa mia mbili na ushee, na mtaa wetu ndio uliochaguliwa kwa zoezi. Akatakiwa mgonjwa wa bandia. Mimi natunza mafaili zahanati, nina miaka hamsini na tisa, na kikohozi cha kuigiza nimekizoea tangu enzi za vikao virefu. Nikapewa cheo.

Saa mbili asubuhi daktari wa wizara alinipaka viganjani unga usioonekana.

"Hivi ndivyo virusi vyetu, mama," akasema. "Nenda kwenye shughuli zako kama kawaida. Saa sita urudi, utahojiwa, kisha tutapita na taa maalumu. Kila ulichogusa kitang'aa. Tunataka kujua kama wafuatiliaji wetu wanaweza kuwapata wote uliokutana nao."

Hapo ndipo nilipaswa kuuliza mfuatiliaji mkuu ni nani. Sikuuliza. Saa sita nikamkuta ameketi na fomu zake: binti yangu wa pekee, muuguzi, ambaye tangu baba yake afariki miaka minne iliyopita ananichunga kama mtoto aliyeanza kutembea jana.

"Haya mama, ulianzia wapi?"

"Duka la dawa, nikanunua sabuni. Kisha posta. Kisha sokoni."

"Saa nne mpaka saa tano na nusu?"

"Nilipumzika."

"Wapi?"

"Kwenye kiti."

Akaandika "kiti", akapiga mstari chini yake.

Kiti kilikuwa cha fundi cherehani, na fundi mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha pili. Tulikubaliana kuoana tangu mwezi wa tatu. Mara tano ameniambia nimwambie mtoto, na mara tano nimemjibu wiki ijayo. Niliogopa, sina haja ya kuficha. Niliogopa binti yangu aone nimemfuta baba yake kama maandishi ya ubaoni.

Nikajipa moyo: zoezi tu hili, nani atahangaika kummulika fundi?

Wakaanza duka la dawa, mlango ukang'aa. Posta, kaunta ikang'aa. Sokoni, muuza nyanya akang'aa mpaka viwiko, akataka kujua kama wizara itamlipia sabuni. Daktari akafurahi kama aliyefaulu mtihani.

"Orodha imekamilika!"

"Bado," akasema binti yangu. "Kuna saa moja na nusu imekaa kwenye kiti."

Akaanza kumulika vitasa vya milango, kimoja baada ya kingine, barabara nzima. Nikakohoa kwa nguvu zangu zote. Hakuna aliyenihurumia.

Kitasa cha fundi kiling'aa. Kikombe kikang'aa. Kisha taa ikampanda fundi mwenyewe, na pale kwenye shavu la kushoto vikajitokeza vidole vitano na kiganja kizima. Kola nayo ilikuwa na habari zake.

"Mgusano wa karibu sana," daktari akaandika, uso mkavu. Dereva wa wizara alilazimika kutoka nje.

Binti yangu hakucheka. Alinitazama, taa bado inawaka mkononi mwake, na mimi nikatamani hata mafua ya kweli.

"Mama, kwa nini hukumtaja?"

"Niliogopa utadhani nimemsahau baba yako," nikasema mbele ya wizara yote. "Sijamsahau. Lakini nyumba ile ni kimya mno, mwanangu."

Aligeukia fomu, penye uhusiano na mgonjwa. Palikuwa na visanduku vitatu: mwanafamilia, jirani, mwingine. Kalamu ikasimama juu ya "mwingine" kwa muda ambao sitausahau. Kisha ikapanda juu, akaweka alama kwenye "mwanafamilia", akaikandamiza hadi karatasi ikatoboka.

"Mkakati unasema wanafamilia wa mgonjwa wakae karantini naye," akamwambia fundi. "Siku saba, mzee. Chukua nguo zako, uhamie kwa mama."

Daktari akatazama saa. "Lakini muuguzi, zoezi linaisha saa kumi."

"La wizara," akasema binti yangu.