Ulimi wa Filamu

Mzee Kabiru alikuwa na tabia ya kuuma filamu. Ukimaliza kupiga picha unairudisha filamu ndani ya kikebe chake kwa kuizungusha, na mwanzo wake una kipande chembamba ambacho yeye alikiita ulimi. Wapiga picha wengine huacha kikebe kiumeze ulimi wote. Mzee alikuwa akitega sikio, na akisikia mlio fulani ndani ya kamera anaacha kuzungusha, ili ulimi ubaki nje na umrahisishie kazi atakapoingia chumba cha giza. Kisha anaupeleka mdomoni na kuuma mara moja kwa meno ya mbele. Ulimi wenye alama ya meno maana yake filamu imeshapigwa, usiiguse. Ulimi laini ni filamu mpya.

Chuoni tulifundishwa kuukunja ulimi na kuandika tarehe kwa kalamu. Nilipomwambia hivyo alicheka.

"Kalamu hupotea, Jepleting. Meno nalala nayo."

Alama hiyo ilihitajika kwake kuliko kwa wengine, kwa sababu hakununua filamu zilizo kwenye pakiti. Alinunua msokoto mmoja mrefu, akaukata gizani na kujaza vikebe vya zamani, kimoja baada ya kingine. Vipya na vilivyopigwa vilikaa pamoja kwenye kopo la biskuti juu ya meza, na kwa nje huwezi kuvitofautisha.

Nilikuja katika studio yake katika mtaa wa Section 58 kufanya mafunzo ya miezi mitatu. Nimekaa miaka miwili. Mimi ni mtu wa haya. Mwalimu wangu mmoja aliandika kwenye ripoti kwamba picha zangu ni nzuri ila nyingi ni za migongo ya watu, na hakukosea. Mtu akigeuka kunitazama, mkono wangu unashuka na kamera wenyewe.

Kila Novemba mtaa wetu una gwaride la mavazi. Lilianzishwa na walimu wachache wa shule ya msingi, likakua, na siku hizi hata wapasua mbao wa Elburgon huja wakiwa wamejifunika maganda ya miti kuanzia kichwani, na madereva kutoka Mai Mahiu hutembea ndani ya malori ya katoni yaliyoning'inizwa mabegani kwa kamba. Mke wa mzee alikuwa mmoja wa wale walimu wa kwanza. Jina lake lilikuwa Wawira, lakini aliyemwita hivyo ni mumewe peke yake. Sisi wengine tulimwita Mama Ngigi au Mwalimu. Kila mwaka alivaa vazi la heroe: gauni la waridi lililoshonewa vipande vya kitambaa kama manyoya, na mdomo mkubwa wa kadibodi uliofunika uso wote. Watu wakipiga kelele "Flamingo! Flamingo!" alikuwa akisimama katikati ya barabara na kuwasahihisha.

"Semeni heroe. Nani aliwafundisha nyinyi?"

"Ni wewe, Mwalimu!"

"Basi nilifanya kazi ya bure."

Akifika mbele ya studio aliupa umati mgongo, akaugeukia mlango wetu na kuinua ule mdomo wa kadibodi mara moja tu. Mzee alimpiga picha moja, ya uso, naye akaushusha na kuendelea. Picha ishirini na moja za namna hiyo zilikuwa ukutani, na ukizifuata kutoka kushoto unamwona akizeeka taratibu ndani ya manyoya yaleyale.

Mwaka huu mzee hakuweza. Presha ya macho ilikuwa imemla jicho la kulia zamani, na kufikia mwisho wa Oktoba la kushoto nalo lilibaki likiona mwanga na vivuli tu. Mama Ngigi mwenyewe alikuwa na uvimbe kwenye ini. Madaktari walikuwa wamemrudisha nyumbani na dawa za maumivu. Sote tulijua hilo lingekuwa gwaride lake la mwisho, na hakuna aliyelisema.

Ijumaa jioni mzee aliniita. "Kesho utampiga wewe."

"Mzee, mimi..."

"Nataka uso. Sina mwingine wa kumtuma. Usiniletee mgongo."

Asubuhi nilifungua lile kopo la biskuti. Nilichukua kikebe kimoja, nikapitisha kidole gumba juu ya ulimi wake, halafu nikausogeza dirishani niuone vizuri. Ulikuwa laini. Niliuchomeka kwenye kamera, nikafunga mgongo wake, nikatoka.

Barabara ilikuwa imejaa. Nilianza na wapasua mbao, kwa sababu ndani ya maganda yale huwezi kujua kama mtu anakutazama.

"Mtu asiwashe sigara hapa," mmoja wao alikuwa akiwaambia watazamaji. "Tukishika moto tunaisha wote, hata chifu wetu."

Mama mmoja aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchemsha aliitazama kamera yangu. "Msichana, hiyo ni ya nyanya yako?"

"Ni ya kazini."

"Hebu nionyeshe vile nimetoka."

"Haionyeshi, mathe. Ni ya filamu. Mpaka ioshwe."

"Aah. Basi tutajiona tukishakufa," akasema, na wenzake wakacheka, nami nikacheka pia.

Mama Ngigi alikuja katikati ya gwaride, akitembea hatua fupi. Chepchirchir, jirani yao ambaye ni nesi, alimshika mkono mmoja, na mwalimu mwenzake wa zamani alimshika mwingine. Walikuwa wamemletea kiti cha magurudumu, akakataa akisema heroe hasukumwi. Alipofika mbele ya studio aliwaambia wamwachilie. Akasimama peke yake akiyumba, akaupa umati mgongo.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni. Mimi nilikuwa mbali, karibu na mtaro, hatua kumi hivi. Nilisubiri ainue ule mdomo. Hakuuinua.

"Karibia, Jepleting," Mama Ngigi alisema kutoka ndani ya kadibodi. "Sina nguvu ya kuinua mara mbili."

Nilisogea. Nikasogea tena, mpaka nikasikia harufu ya gundi ya kadibodi. Ndipo akauinua. Uso wake ulikuwa umepungua sana, lakini alikuwa amepaka rangi ya midomo na nyusi amezichora. Hakunitazama mimi. Alimtazama mzee, pale nyuma ya bega langu, na akacheka kama mtu aliyekamatwa akifanya utundu. Nilipiga mara mbili. Mkono wangu haukushuka.

"Umenishika?"

"Nimekushika, Mwalimu."

"Mwambie nilicheka. Sijui kama ameona."

Akashusha mdomo wa kadibodi, wale wawili wakamshika tena, wakaenda naye. Baada yake yalikuja malori ya Mai Mahiu. Dereva mmoja alisimama mbele yangu na kusema, "Boss, nipige upande wa namba, bibi yangu aamini nilikuwa kazini." Nilimpiga. Nilipiga mpaka filamu ikakataa kusonga. Nilikuwa na furaha, na nikaona aibu kuwa nayo siku kama ile.

Alhamisi Mama Ngigi alifariki.

Ngigi, kijana wao, alikuja kutoka Nairobi usiku huohuo. Jumapili alinipata studioni. Alikuwa akitengeneza programu ya mazishi, na wachapaji walitaka picha kufikia Jumatatu jioni.

"Mzee anasema iwe ile ya juzi. Nimemwambia ziko nyingine ukutani, amekataa kabisa. Anasema ile ya mwisho ndiyo ya kumzika nayo."

"Sijaiosha. Alisema tuioshe pamoja, na wiki hii yote alikuwa kando ya kitanda."

"Na kwani hakuna mtu alipiga kwa simu?"

Nilikuwa nimetafuta. Mtandaoni kulikuwa na picha zake zaidi ya hamsini, na zote zilikuwa za mdomo wa kadibodi au za mgongo wenye manyoya ya waridi. Alipouonyesha uso alikuwa ametugeukia sisi wawili tu.

Jumatatu mzee aliketi kwenye stuli nje ya chumba cha giza kama kawaida yake, mimi nikaingia. Nilifuata dakika zote kama alivyonifundisha. Nilipoitoa filamu na kuiinua kwenye taa, nilidhani macho yangu yamechoka. Kulikuwa na wapasua mbao, na katikati yao kulikuwa na dirisha. Kulikuwa na mto wa kulalia katikati ya barabara. Fremu hazikulingana, kila picha ilikuwa imelalia nusu ya nyingine, na pale uso wa Mama Ngigi ulipotakiwa kuwa, fremu ya kumi na ya kumi na moja, palikuwa na doa zito lililochanganya pazia, manyoya na shavu. Filamu ilikuwa imepigwa mara mbili.

Niliichapisha yote kwenye karatasi moja, picha ndogondogo, nikiomba kwamba karatasi ione nilichoshindwa kuona. Haikuona. Nilitoka nayo ikiwa bado mbichi.

"Nisomee," alisema mzee. Ndivyo alivyosema siku hizo hata kwa barua na risiti.

Ningemwambia hapo hapo. Nilifungua mdomo nikitaka kumwambia, nikauona uso wake ulivyoinuka.

"Amesimama," nilisema. "Ameinua mdomo wa kadibodi."

"Anatazama wapi?"

"Anakutazama wewe. Anacheka. Alisema nikuambie kwamba alicheka."

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole. Hayo yote yalikuwa kweli, ila sikuwa nikiyasoma kwenye karatasi.

"Na mkono wake wa kushoto uko wapi?"

Huo sikuukumbuka. Kwa hiyo nilitazama karatasi, nikasema nilichokiona.

"Uko chini ya shavu. Juu ya blanketi ya mistari."

Aligeuza uso kuelekea sauti yangu.

"Jepleting. Blanketi gani barabarani?"

Nilianza kulia. Alinyoosha mkono akaipapasa ile karatasi mbichi kwa vidole, kana kwamba ingemwambia kitu.

"Hizo ni zangu," alisema. "Nilimpiga mwezi wa kumi. Akishameza dawa ya asubuhi alilala karibu na dirisha, na jicho langu la kushoto lilikuwa bado linaona kidogo. Hakujua. Nilipiga kumi na tisa, nikaona nisiendelee tena. Nikasema hizo ndizo nitakazomalizia kazi. Lakini niliuma. Nakumbuka vizuri niliuma."

Akapeleka kidole mdomoni. Mwezi wa tisa daktari alikuwa amemng'oa meno manne ya mbele, na yale ya bandia yalimuumiza hata akawa anayaweka mfukoni mwa koti. Kidole chake kilipita juu ya ufizi, kikarudi, kikapita tena.

"Niliuuma hivi," alisema kwa sauti ndogo.

"Ningekuuliza, Mzee. Ningekuuliza kwanza."

"Ungeuliza nini? Uliushika ulimi, ulikuwa laini. Ndivyo nilivyokufundisha."

Simu yake ililia. Ilikuwa Ngigi. Nilisikia sauti yake ikisema wachapaji wanangoja. "Waambie waweke ile ya kitambulisho," mzee alimjibu. Ngigi akauliza kuna nini. "Hakuna kitu. Filamu yangu ilikuwa mbaya. Si ya msichana, ni yangu." Akakata simu, akairudisha mfukoni, upande ule wenye meno.

Nilidhani ataniambia niende nyumbani. Badala yake alivuta stuli karibu na meza.

"Ziko hapo zote kumi na tisa?"

"Ziko. Lakini zimeingiliana na watu."

"Soma. Watoe watu wa barabarani, unisomee yeye."

Nikasoma. Ya kwanza, nikamwambia, amelalia upande wa kulia, nywele zimefunikwa kitambaa. Ya pili kitambaa kimeteleza. Ya tano kuna kikombe dirishani. "Kile cha bluu," akasema. Ya nane mdomo uko wazi kidogo. "Alikuwa akikoroma. Alikataa kwamba anakoroma miaka arobaini." Ya kumi na ya kumi na moja sikuweza kumtenganisha Mama Ngigi aliyelala na yule aliyecheka, nikamwambia hivyo, naye akasema niziruke. Ya kumi na tano mwanga umefika shingoni. Ya kumi na nane sikuona kitu isipokuwa sikio. Ya kumi na tisa ilikuwa imetikisika, na mkono uleule ulikuwa umetoka chini ya shavu na kulala wazi kitandani.

"Hiyo ndiyo niliyomalizia," alisema. "Na ya ishirini?"

"Si yako, Mzee. Ni malori ya katoni."

"Yametoka?"

"Yametoka safi. Hata namba zinasomeka."

"Hakuna kilichoingilia?"

"Hakuna."

Aliinamisha kichwa upande wangu, akingoja.

"Na yeye? Yumo kwenye hizo safi?"

Nilitazama karatasi mpaka mwisho, fremu kwa fremu, ingawa nilikuwa ninajua.

"Alikuwa ameshapita," nilisema.