Maji ya Kwanza ya Asubuhi

Hebu niambie, mgeni akibisha hodi kwako asubuhi na kiu yake, unamkingia maji gani? Yale yaliyolala kwenye bomba usiku kucha, ya vuguvugu, yenye ladha ya chuma? Au unayaacha yamwagike kwanza, mpaka yaje ya baridi, ndipo unaweka kikombe? Basi Bi Sindano naye alifanya vilevile kama ungefanya wewe, na ndivyo alivyojitia matatani.

Walimwita Bi Sindano kwa sababu alishona sare za shule miaka thelathini na moja. Siku hizi macho yalikuwa hayamruhusu hata kutunga uzi. Aliishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili, kwenye mtaa mkongwe kuliko yote mjini. Mumewe, fundi bomba, alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Kabatini mlikuwa na vikombe vinne, lakini chenye doa la chai kilikuwa kimoja tu. Alipikia sufuria ile ndogo ya kuchemshia mayai. Na redio aliiwasha kabla hata ya kufungua dirisha, si kwa hamu ya habari, ila nyumba isimzidi kwa ukimya.

Binti yake wa pekee alikaa mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi, na alikuwa amejifungua miezi minne nyuma. Mjukuu huyo Bi Sindano alimjua kwa picha za simu: paji la uso, ngumi, mguu mmoja wenye soksi. Kila Jumapili binti alipiga simu.

"Mama, hujambo? Huoni upweke huko?"

Na kila Jumapili Bi Sindano alijibu yaleyale: "Mimi nipo tu, mwanangu. Msijisumbue."

Jumapili moja binti akaja na jambo jipya. Alitaka kumleta mtoto, wakae mwezi mzima. Ila alikuwa amesikia habari za mabomba.

"Wanasema mabomba ya mtaa wenu ni ya zamani, yanaachia risasi kwenye maji, mama. Hayo madini ni sumu kwa ubongo wa mtoto mchanga, na huyu wangu anakunywa maziwa ya kopo. Wakipima hapo nyumbani wakaona salama, tunakuja. Wakiona si salama, basi tutaangalia mwakani."

"Hata mwakani si mbali," Bi Sindano akasema.

Kesho yake alikuwa wa kwanza mlangoni pa ofisi ya maji. Wakamtuma mpimaji, mama wa makamo mwenye viatu vya mpira na sanduku begani, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Chupa. Huyo akamwachia chupa nyeupe ya lita moja, yenye mdomo mpana, pamoja na karatasi yenye maandishi madogo kama mbegu za mchicha.

"Bibi, asubuhi ukiamka, jaza hii mpaka shingoni. Maelekezo yote yapo hapo kwenye karatasi. Umenipata?"

"Nimekupata. Kwani kukinga maji nako kunataka shule?"

"We acha tu! Watu wanakinga vituko," Mama Chupa akacheka, akaenda zake. Alikuwa na nyumba nyingine ishirini za kuzungukia.

Karatasi Bi Sindano aliiweka chini ya redio. Chupa akaiosha kwa sabuni, akaisuuza mara tatu, akaiinamisha dirishani ikauke. Asubuhi alifungua bomba, akahesabu polepole mpaka hamsini kama alivyofanya kila siku ya Mungu, na yalipokuja ya baridi akakinga. Maji yalimetameta. Akaifuta chupa kwa nje, akaifunga kwenye kitambaa safi kama mtu anayemfungia msafiri chakula.

Majibu yalikuja kwa simu: salama. Bi Sindano alimpigia binti yake hata kabla hajaketi, na binti akakata tiketi ya Jumamosi.

Siku zile nyumba ilibadilika sura. Alinunua beseni dogo la kumwogeshea mtoto. Akatoa kipande cha kitambaa laini kilichobaki tangu enzi za karakana ya ushonaji, akamwomba muuza duka amtungie uzi kwenye sindano saba kwa mpigo, akashona shuka la mtoto kwa kupapasa. Akashusha vikombe vyote vinne, akavipanga mezani.

Jumanne Mama Chupa akaja na cheti chenye muhuri.

"Kaa basi unywe chai," Bi Sindano akamwambia. "Nyumba hii haijapata mtu wa kunywa naye chai tangu lini sijui."

Akafungua bomba, akasimama, midomo ikichezacheza.

"Bibi, unasali?"

"Nahesabu. Mpaka hamsini. Marehemu ndiye aliyenizoesha. Alikuwa akisema, bomba hili limetuzidi umri, usiyaamini maji yaliyolala."

Mama Chupa akakiweka cheti mezani taratibu.

"Na ile asubuhi ya chupa... ulihesabu?"

"Tena polepole, mpaka hamsini! Na chupa nikaiosha kwa sabuni. Ningekupaje uchafu, mwanangu?"

Mama Chupa akavua kofia, akajikuna kichwa.

"Bibi yangu, tunayotaka ni yaleyale yaliyolala. Bomba lisiguswe saa sita nzima, kisha unakinga tone la kwanza kabisa. Risasi inajikusanya maji yakiwa yametulia. Ukiyamwaga, sehemu kubwa umeimwaga nayo. Kosa ni langu pia, nilikimbia bila kukusomea karatasi."

"Basi nitayachemsha. Maji ya mtoto nitayachemsha hadi yalie."

"Kuchemsha kunaua vijidudu. Risasi haifi, bibi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki, inazidi kukolea."

Bi Sindano akamimina chai. Nyingine ikamwagikia kwenye kisahani. "Lakini muhuri si umeshagongwa?"

"Umegongwa, ila sasa najua umegongwa juu ya nini." Mama Chupa akatoa chupa nyingine sandukani. "Usiioshe. Usihesabu. Kesho nitaipitia."

"Wewe unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa," Bi Sindano akasema, akijaribu kucheka. "Unakunywa chai yangu huku unanifungia mlango."

"Huyo mzee wako alikuwa fundi kweli," Mama Chupa akajibu kwa upole. "Hamsini zake ndizo zilizowalinda miaka yote hiyo."

Asubuhi iliyofuata Bi Sindano alisimama mbele ya bomba akiwa na chupa mkononi. Redio hakuwa ameiwasha. Shuka dogo lilikuwa limekunjwa kitini, na sindano ya saba bado imechomekwa ukingoni.

Nani angejua? Angehesabu moyoni tu. Maji yangetoka safi, cheti kingebaki, na Jumamosi mlango ungegongwa. Kisha mwenyewe angekuwa anayaacha yatiririke kila mara, yeye na hamsini zake, asubuhi na jioni, mwezi mzima. Lakini je, akiwa amelala? Binti akiamka na mtoto analia, ataanza kuhesabu? Mtu mwenye mtoto analia hahesabu hata mpaka tatu. Atakinga tu, akoroge, ampe.

Mkono ulikuwa umeshafika kwenye koki. Akapiga moyo konde, akaingiza mdomo wa chupa chini kabisa ya bomba ndipo akafungua, ili hata tone lisipotee. Maji yalitoka ya vuguvugu. Yalikuwa meupe, hayana rangi, hayana taka, mazuri kama yale ya kwanza. Akaifunga chupa, akakaa chini sakafuni kando yake mpaka Mama Chupa alipobisha hodi.

Alhamisi simu ikalia. Risasi imezidi kiwango mara tatu. Bomba la kutoka barabarani litang'olewa, liwekwe jipya, lakini orodha ni ndefu, huenda ikachukua miezi. Kwa sasa asiyanywe wala kuyapikia. Gari la maji safi litakuwa linasimama kona ya mtaa kila asubuhi, apeleke ndoo.

"Pole, bibi," Mama Chupa akasema. "Nitapita Ijumaa. Si kwa kazi. Kwa chai."

"Njoo. Chai ya maji ya gari."

Akavirudisha vikombe vitatu kabatini. Akakaa, akasimama, akapangusa beseni ambalo halikuwa na vumbi. Kisha akampigia binti yake na kumweleza yote, tangu sabuni mpaka hesabu ya hamsini, bila kuficha hata kimoja.

Upande wa pili mtoto alisikika akigugumia.

"Umefanya vyema kuniambia, mama," binti akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Basi nirudishe tiketi. Tutakuja mwakani, wakishabadilisha bomba. Wewe uko sawa lakini, au sio?"

Maneno ya kila Jumapili yalikuwa tayari yamekaa ulimini, laini kwa kuzoea. *Mimi nipo tu.* Bi Sindano akafungua kinywa kuyasema, akaliona shuka pale kitini, akayameza.

"Mama? Unanisikia?"

"Sipo sawa," akasema. "Nakula kwenye sufuria ya mayai, mwanangu. Naongea na redio. Maji ya mtoto nitayabeba mwenyewe kutoka kwenye gari, hata ya kumwogesha, hata kama nitaenda mara kumi, na hili bomba nitalifunga kwa kamba lisiguswe na mtu. Usirudishe tiketi. Nataka mje. Nimetaka mje tangu siku ile baba yako alipozikwa. Njoo, mwanangu, nimechoka kukaa peke yangu."