Joto la Sebuleni kwa Telesia

Njombe ya mwezi wa saba haina utani. Hata mbwa anatembea kajikunja. Lakini sebule ya mama Telesia ilikuwa na joto, tena bila jiko. Ukivua viatu unalisikia likipanda nyayoni, taratibu, kama pumzi. Ndiyo maana nyumba ilijaa kutwa: wenye vikohozi, wenye watoto wachanga, na wenye umbea usiokaa kinywani. Waliosema marehemu mumewe ndiye anayemtunza, Telesia hakuwakatalia. Mjane akipata watu, hahoji wameletwa na nini.

Adhuhuri moja ya ukungu akaingia Ezekia, kijana wa mipango miji. Alikuwa akipita mtaa kwa mtaa kuchora sura ya ardhi, vilima na mabonde, ili mji ujue pa kujenga na pa kuachia miti.

"Kamwene, mama. Nyumba yako imekaa juu ya korongo."

"Korongo gani, baba? Hii sakafu huioni?"

Watu wakaangua kicheko. "Mpe chai, njaa hiyo!" akasema Hilda, jirani.

Ezekia hakucheka. Akamwonyesha Telesia ramani kwenye simu: ardhi ya zamani ilishuka ghafla, ikapita chini ya sebule, ikatokea mtoni. "Wenye mashine za mbao walilifukia kwa maranda. Yakioza yanashika moto. Yanaungua chini kwa chini, mama, na yanaacha uwazi."

Telesia akamimina kikombe cha maji kwenye ufa kando ya ukuta. Yakaenda. Akatega sikio, hayakufika popote. Kisha ufa ukamrudishia mvuke usoni, unanuka msonobari.

Akawatazama watu wake. Nani atakuja kukaa na mjane kwenye baridi? Mtoto wa Hilda alilala kifudifudi sakafuni, jasho linamtoka.

"Tokeni," akasema.

"Leo umeanza uchoyo, shoga?" akauliza Hilda.

Telesia akamnyakua mtoto, mkono wa pili akabeba birika la chai, akatoka ukunguni. Wakamfuata wakinung'unika, vikombe mikononi.

Walipogeuka, mlango ulikuwa wazi na ndani hamna mtu. Kiti cha dirishani kikainama polepole, kama kuna anayekaa. Kikafuata cha pili, na cha tatu. Kisha kabati, bila kelele, likaanza kupungua kimo.

Hilda akafungua kitenge chake, akamfunika Telesia mabegani, akamsogelea hadi wakagusana. Na wengine wakasogea.