Kilo ya Gunia

"Hamsini na tatu kamili," Adoyo, mama wa kupima uzito, alisema nyuma ya pazia.

Upande huu wa pazia, kocha Gordon Ouko aliacha kutafuna hindi lake.

Chemutai, mchezaji wake, hakutakiwa kuzidi kilo hamsini na mbili. Akizidi hapigani, na haya yalikuwa mashindano ya kwanza ya kimataifa ya judo kuletwa Kericho. Waganda na Warundi walishafika. Maofisa wa magereza nao walikuwa wameketi mstari wa mbele, wamekuja kuchagua wasichana wa kuajiri katika timu yao. Hawachukui aliyepita miaka ishirini na saba, na Chemutai alibakisha miezi miwili. Mashine ya kuchuma chai ilikuwa imeshamnyang'anya kibarua chake cha shambani.

Alitoka amejifunga shuka. "Kocha, jana nilikuwa hamsini na mbili kamili. Si ni wewe ulinipima?"

Ni yeye. Gordon alikuwa karani wa kituo cha kununua majani chai huko Bomet, na kila jioni Chemutai alining'inia kwenye ndoano ya mizani, miguu ameikunja, wakulima wakiuliza, "Karani, hiyo nayo inaenda kiwanda gani?" Naye alicheka nao, akasoma sindano, akaandika.

Sindano. Kila siku aliirudisha nyuma kilo moja, ili gunia lisihesabiwe kama majani. Miaka kumi na tisa. Mkono ulikuwa unajifanyia wenyewe. Na Chemutai hakuwahi kuingia ndani ya gunia, kwa hivyo kilo hiyo ilikuwa yake mwenyewe.

Alimweleza. Chemutai alikaza shuka kifuani.

"Kwa hivyo mimi nimepimwa kama chai."

"Chai nzuri," Gordon alisema kwa mazoea ya utani, kisha akatamani kuumeza ulimi wake.

Zilibaki dakika hamsini upimaji ufungwe. Alimvisha sweta mbili na koti lake la mvua, wakazunguka ukumbi mbio. Lakini asubuhi ya Kericho ina baridi yake. Manyunyu yalikuwa yakianguka na jasho liligoma kutoka. Gordon alimvuta hadi jikoni, ambako Joan, mpishi wa ukumbi, alikuwa akichemsha maji ya chai ya wageni kwa sufuria kubwa.

"Mama, tuazime mvuke."

"Mvuke ndio tunaazimana siku hizi?" Joan aliuliza, lakini akafunga mlango na madirisha.

Chemutai aliruka kamba kando ya moto. Hakuwa ameonja maji tangu jana mchana. Alitema mate kwenye kopo hadi mate yakaisha, akaendelea kutema hewa.

Dakika kumi kabla ya kufunga: hamsini na mbili nukta tatu.

"Madam, hiyo ni kidogo sana," Gordon alianza. "Fumba tu jicho." Alijisikia akiongea kama wale kina mama wanaomsihi kituoni, na Adoyo alimwangalia vile yeye huwaangalia.

"Ondoa unachoweza kuondoa," Adoyo alisema.

Chemutai alishika rasta zake, nzito kwa jasho, zilizomfika kiunoni. Alikaa siku nzima kusukwa, kwa ajili ya picha. Alimgeukia mpishi, aliyewafuata kutoka jikoni. "Joan, lete makasi."

Yalikuwa makasi ya kukata mifuko ya unga. Yalitafuna zaidi ya kukata. Zilipobaki dakika mbili, Adoyo alisoma: "Hamsini na mbili kamili." Chemutai alitia sahihi, kisha akateleza na ukuta hadi chini.

Pambano lake lilikuwa la pili, na Mganda aliyeitwa Metrine. Joan alimletea chai, ikaingia, ikarudi. Vidole havikuweza kufunga mkanda. Gordon alipiga magoti, akaufunga yeye.

"Chemu, tukiacha hapa, nitawaambia kosa ni langu."

"Na watakuajiri wewe?"

Gordon alikaza fundo. Spika iliita jina la Chemutai, ikaliharibu, ikaliita tena. Gordon alimwinua kwa makwapa.

"Mshike mapema," alimwambia. "Dakika ya kwanza tu. Ya pili huna."

"Najua sina."

Hatua ya kwanza aliipiga ameshika ukuta. Ya pili akauachilia.