Mtoto wa Meza

Mwalimu alikuwa anasahihisha madaftari ya darasa la nne juu ya meza ya kupigia pasi aliposikia randa ikilia upande wa pili wa ukuta. Alimaliza sentensi aliyokuwa anaisahihisha, akatia alama, akafunika kalamu nyekundu. Huyo mpiga randa alikuwa anavuta mara mbili kwa urefu, mara moja kwa ufupi, halafu anapuliza maranda. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa akipiga randa namna hiyo, na mtu huyo walikuwa wamemzika Jumamosi.

Akavaa kandambili, akazunguka mpaka karakana. Mumewe, Fundi, alikuwa amesimama kwenye benchi lake, penseli sikioni. Alivaa ile suti waliyomzikia, suti kuukuu ya kaka yake, na kwa vile mikono yake ilimzidi, alikuwa ameikunja mpaka viwikoni. Mwalimu aliikataa suti ile siku ya msiba. Alitaka mumewe azikwe na shati lake la buluu, alilolichagua mwenyewe dukani. Lakini kaka mtu alisema suti, na likishasemwa na kaka mtu, limesemwa.

"Umerudi," Mwalimu akasema.

"Kazi haijaisha," Fundi akajibu bila kuinua macho.

Kazi iliyokuwa mbele yake ilikuwa meza ya Mwalimu.

Meza ile aliahidiwa mwaka waliooana. Fundi alimkuta mkewe amejikunja kitandani na rundo la madaftari, mgongo unamuuma, akamwambia atamtengenezea meza ya kuandikia, tena yenye mtoto wa meza wa kuwekea kalamu zake. Miguu ikapatikana. Baada ya muda ukapatikana na ubao wa juu, wa mti mwekundu, mzito, akaupiga msasa mpaka mkono ukawa unateleza juu yake. Mtoto wa meza ndiye aliyeshindikana. Kila Fundi alipotenga mbao zake, kaka mtu alitokea mlangoni. Mara bosi wake anataka kabati. Mara binti yake anaolewa, anataka kitanda. Mara mkwe wake anataka kigoda, mkwe mwenyewe ana viti vya kugawa. Fundi alisema, "Ndiyo, kaka," na mbao zikaenda. Meza ikabaki na tundu mbele kama kinywa cha kibogoyo, na Mwalimu akabaki na meza yake ya pasi, miaka nenda miaka rudi.

Kwa hiyo alasiri ile, alipoona zile mbao nyembamba zimepangwa upya kwenye benchi, hasira aliyokuwa ameibeba tangu msibani ilimlegea. Mtu ametoka kaburini kuja kutimiza ahadi. Akamletea chai. Fundi akashukuru, akasema hanywi tena. Jua lilipozama alifuta patasi, akaitundika kwenye msumari wake, akaondoka kwa njia ya makaburini. Kesho yake saa kumi alikuwa amerudi.

Mtaa haukuona ajabu. Mshona viatu, aliyekuwa na kiti chake kibarazani mwa karakana, alimsalimia Fundi na kumwomba kipande cha msasa, akapewa. Wengine walisema walijua tu, mpole kama yule hawezi kulala na kazi za watu hazijaisha. Upole wa Fundi ulisifiwa sana. Hata mazishini ulisifiwa, na waliousifu zaidi ni wale ambao hawakuwahi kuishi nao nyumba moja.

Kaka mtu aliitwa Kauli. Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Siku ya mazishi alitupa udongo wake kaburini, akasimama pale ukingoni, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mdogo wangu, umeniachia kazi za watu. Sasa nani atazimaliza?" Watu waliangua kilio. Mwalimu naye alilia, akasamehe mengi kwa maneno yale.

Haikupita wiki, Kauli akaja karakana na kufuli jipya mkononi. Alimkuta mdogo wake anachonga meno ya pembeni ya mtoto wa meza, yale yanayong'atana bila msumari.

"Ah, upo," Kauli akasema. Akavuta kiti, akakaa. "Afadhali. Kile kitanda cha jirani yangu kilifika wapi?"

"Bado miguu, kaka."

"Basi weka pembeni hivyo vijiti, tumalize kitanda."

"Ndiyo, kaka," akasema Fundi, na akaweka pembeni mtoto wa meza.

Mwalimu alikuwa mlangoni.   Alirudi ndani akapiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa pasi.

Kikao cha ukoo kilikaa mlemle karakana, maana ndimo mlimokuwa na mahali pa kukaa watu. Walikuja baba mdogo na shangazi, na Kauli akakaa katikati. Fundi aliendelea na kitanda. Ilibidi wazungumze kwa sauti ya juu kidogo kwa sababu ya msumeno.

"Mali ya ukoo haitoki nje ya ukoo," Kauli akasema. "Chumba anacholala shemeji abaki nacho, mimi si mnyama. Karakana naichukua mimi. Nitafanyaje? Mkubwa ni jalala. Kila mzigo unatupwa kwangu." Akalitikisa lile kufuli jipya, akalitia mfukoni.

"Jalala gani linalotembea na kufuli?" Mwalimu akauliza. "Kila tofali la karakana hii limetoka kwenye mshahara wangu. Bati nimenunua mimi. Hata lile jiliwa la kubania mbao nimelibeba mimi kichwani kutoka sokoni, na shemeji ulinipita njiani na gari la kazini kwako, ukanipungia mkono."

"Hayo ni maneno," Kauli akasema. "Mngekuwa na mtoto, tungezungumza mengine. Mtoto wenu ni huyo wa meza tu, na hata huyo hajakamilika."

Baba mdogo akainama kutazama viatu vyake. Shangazi akakohoa. Mwalimu akasimama.

"Mna msemo wenu, asiyekuwepo na lake halipo. Haya, huyu hapa yupo. Muulizeni karakana ni ya nani."

Lilikuwa wazo zuri, hata Kauli hakuweza kulipinga. Baba mdogo akageuka. "Mwanangu, wewe ndiye mwenye kazi yako. Karakana hii unamwachia nani?"

Fundi akasimamisha msumeno. Akapuliza vumbi la mbao kwenye ubao, akapitisha kidole pale alipokata. Akamtazama mkewe kwa muda, ikawa kama anataka kusema. Halafu akamtazama kaka yake.

"Kaka ameshasema," akasema.

"Umekufa!" Mwalimu akapiga kelele. "Umekufa, umezikwa, udongo umerudishwa! Unaogopa nini tena?"

"Ni kaka yangu," Fundi akasema taratibu, akaendelea kukata.

"Maiti hafokewi," shangazi akamkemea Mwalimu. "Mwenyewe amekubali, nani wa kubisha? Mwanamume mpole hivi, na bado hupati la kushukuru."

Kikao kikaisha. Wakati watu wanatoka, Kauli aliipiga teke la kirafiki ile meza yenye tundu. "Hii chukua, shemeji. Meza yenye pengo haina kazi na mtu."

Mwalimu aliichukua. Mshona viatu alimsaidia kuiingiza chumbani, na ndani ya gauni lake Mwalimu alikuwa amefunga randa ndogo, patasi moja na zile mbao nyembamba za mtoto wa meza. Alikuwa ameshawaza jambo lake. Fundi alirudi kwa sababu ya kazi isiyoisha. Kauli aliligundua hilo, ndiyo maana kila siku alizisukuma pembeni zile mbao ili kazi isiishe kamwe, apate fundi asiyekula, asiyechoka na asiyebisha. Basi yeye ataimaliza. Siku mtoto wa meza atakapoingia mahali pake, mumewe atakwenda kupumzika, na Kauli atashika msumeno mwenyewe. Ilimuuma kwamba kumaliza meza ni kumpoteza mume mara ya pili, lakini kumsikia kila siku akisema "ndiyo, kaka" nyuma ya ukuta kulimuuma zaidi.

Akitoka shule, alikaa sakafuni karibu na dirisha akafanya kazi. Alikuwa ameoa fundi, kama shangazi alivyopenda kumtania zamani kwa vile yeye ndiye aliyekuwa na mshahara, lakini kumwangalia fundi si kuwa fundi. Ubavu wa kwanza aliukata mfupi, akatafuta ubao mwingine. Meno ya pembeni yalikataa kukutana. Aliyachonga tena, yakaachia nafasi ya kupitisha ukucha, akaijaza kwa gundi na unga wa mbao huku akitukana matusi ambayo darasa la nne lisingeamini. Alimtukana Kauli. Alimtukana marehemu. Mkono ulimtoka malengelenge na hasira ikampa nguvu ya kushika randa kesho yake.

Alasiri moja Fundi alipita dirishani akielekea karakana. Alisimama, akachungulia.

"Geuza ubao," akasema. "Unapiga randa kinyume cha nyuzi, ndiyo maana inachimba."

Mwalimu akaugeuza. Randa ikateleza, yakatoka maranda marefu yaliyojikunja vizuri. Akainua uso akitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Ingia basi unisaidie."

"Kaka ananingoja," Fundi akasema, akaenda zake.

Mtoto wa meza alikamilika siku ya mvua. Mwalimu alipaka sabuni kavu kwenye vile vijiti vya kutelezea, akamsukuma ndani taratibu. Alikwama kidogo katikati, halafu akaingia mpaka mwisho, na hewa iliyokuwa ndani ikatoka kwa pumzi moja. Alimfungua akamfunga, akamfungua akamfunga. Akapanga ndani kalamu zake nyekundu. Kisha akakaa mezani, mgongo umenyooka, akalia, kwa maana alijua kesho saa kumi hakuna mtu atakayepita dirishani.

Kesho saa kumi Fundi akapita dirishani.

Mwalimu alitoka mbio mpaka nje. "Meza imeisha," akasema.

"Nimeona. Ni nzuri. Ubavu wa kushoto umekaa upande kidogo, lakini ni nzuri."

"Basi si imeisha! Nenda kapumzike."

"Kaka amepokea oda ya madawati."

Mwalimu akamshika mkono wa ile suti. "Wewe ulirudi kwa ajili ya nini?"

Fundi alifikiri. Hakuwa mtu wa kusema uongo, hilo mtaa ulimsifu kwa haki. "Kaka aliuliza pale kaburini. Alisema nani atazimaliza kazi za watu."

"Na wewe ukaitika."

"Ni kaka yangu."

"Na meza yangu?"

"Meza yako ndiyo ilikuwa karibu na mlango," akasema Fundi.

Mwalimu akaachia ule mkono. Ukabaki na mkunjo pale alipoushika. Fundi akaukunjua, akaukunja upya vizuri, akaingia karakana.

Biashara ya Kauli ilinawiri. Wateja walipenda kazi ya Fundi, haikuwa na haraka wala malalamiko, na walipenda kumwangalia akifanya kazi. Kauli alikaa kwenye kiti chake mlangoni akipokea pongezi. Ndipo siku moja mteja mmoja, mtu mwenye ofisi yake, alipita mbele ya dirisha la Mwalimu, akaiona ile meza nyekundu, akasema anataka kama ile, na anaitaka wiki hiyohiyo.

Fundi alibisha hodi saa kumi na dakika chache.

"Kaka anasema mbao zilikuwa za karakana," akasema. Alisimama pale mlangoni, kichwa ameinamisha, maranda yamemganda kwenye nywele, na angekuwa mtu mwingine yeyote Mwalimu angemwonea huruma.

"Wewe unasemaje?"

Fundi akaitazama ile meza.

Mwalimu alikwenda kwenye meza, akamvuta mtoto wa meza mpaka akatoka mzima, akampakata kifuani na kalamu zake ndani. "Huyu nimemtengeneza mimi kwa mikono yangu. Haendi."

"Kaka hatapenda."

"Mwambie kaka mimi nimeshasema."

Fundi aliinama, akaigeuza meza, akaiweka kichwani kama alivyokuwa akibeba meza za watu maisha yake yote, akatoka nayo. Ilipita mlangoni tundu likiwa mbele.

Kesho yake Mwalimu alikuwa anasahihisha madaftari juu ya meza ya kupigia pasi aliposikia randa. Mara mbili kwa urefu, mara moja kwa ufupi, halafu pumzi. Aliujua ule mlio, ulikuwa wa mbao nyembamba. Akasikia patasi ikichonga meno, nyundo ya mti ikigonga kidogo kidogo, msasa. Jua lilikuwa bado halijafika kwenye paa la jirani aliposikia kitu kinateleza ndani ya meza, bila kukwama popote, na hewa ikitoka.

"Umemaliza?" Kauli aliuliza.

"Ndiyo, kaka."

Mteja alicheka kwa furaha, akasema hajawahi kuona fundi wa namna hii, mtoto wa meza mzima kwa alasiri moja tu. Mwalimu alisubiri kidogo kama kuna mtu atasema neno jingine. Halafu akainama sakafuni, akatoa kalamu nyingine nyekundu kwenye mtoto wa meza, akafunua daftari lililofuata.